Nambari za ini: Jinsi ya kusoma vipimo vya mwenzi aliye na hepatitisi C

MUME amerejea nyumbani kutoka kliniki akiwa na karatasi mbili zilizokunjwa katika mfuko wa shati. Ya kwanza inasema damu yake ina kingamwili za virusi vya hepatitisi C, yaani homa ya ini aina ya C. Ya pili imejaa herufi na nambari: ALT 48, AST 62, GGT 140, biliribini 19, albumini 36, PLT 118. Kando ya baadhi ya nambari hizo pana kinyota au herufi H, kumaanisha kiwango kiko juu, na L, kumaanisha kiko chini.

Foleni ilikuwa ndefu, na daktari akamwagiza arudi baada ya majuma mawili. Usiku huo mkewe ndiye anayebaki mezani akizikodolea macho karatasi hizo baada ya watoto kulala.

Mfano huu ni wa kubuni, lakini nambari zenyewe ni za aina ambayo madaktari wa ini hukumbana nayo mara kwa mara. Na makosa ambayo mke huyo yumo katika hatari ya kuyafanya ni ya kawaida vilevile. Ataiona ALT ya 48, asome kwamba kikomo ni 40, ashushe pumzi kwamba imepita kidogo tu. Kisha ataiona GGT ya 140 na kinyota chake, moyo umlipuke.

Ukweli ni kwamba katika karatasi hiyo, GGT si ya kukosesha mtu usingizi, nayo ALT si ya kumpa utulivu. Nambari iliyobeba habari nzito ni ile ya mwisho, ambayo pengine hata hajui inahusiana vipi na ini.

Ugonjwa usio na haraka

Virusi vya hepatitisi C vilitambuliwa mwaka wa 1989. Kabla ya hapo, madaktari walijua tu kwamba kulikuwa na homa ya ini iliyoenezwa kwa kuongezewa damu ambayo haikuwa aina ya A wala ya B. Kwa kazi hiyo, wanasayansi Harvey Alter, Michael Houghton na Charles Rice walituzwa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka wa 2020.

Kwa mujibu wa makadirio ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya mwaka wa 2022, watu takriban milioni 50 ulimwenguni wanaishi na maambukizi ya kudumu ya virusi hivi, na watu wapatao 242,000 walifariki mwaka huo, wengi wao kutokana na ini kuwa kovu tupu, hali iitwayo sirosisi, au saratani ya ini.

Katika kila watu 10 wanaoambukizwa, karibu watatu huvishinda virusi wenyewe katika muda wa miezi sita bila dawa. Waliosalia hubaki navyo. Kati ya hao, WHO yakadiria kwamba asilimia 15 hadi 30 hupata sirosisi katika kipindi cha miaka 20. Ni ugonjwa wa mwendo wa kobe, na kwa muda mwingi wa safari hiyo mgonjwa hula, hufanya kazi na hulala kama kawaida. Ndiyo maana vipimo vya damu vina uzito mkubwa kuliko jinsi mtu anavyojihisi.

Kingamwili si virusi

Karatasi ya kwanza ya mume huyo haijathibitisha kwamba yu mgonjwa. Kingamwili ni askari ambao mwili huwaunda baada ya kukutana na virusi. Virusi vikishaondoka, iwe kwa nguvu za mwili au kwa dawa, askari hao hubaki kwa miaka mingi, mara nyingi maishani. Hivyo basi, kipimo cha kingamwili hujibu swali moja tu: je, mtu huyu amewahi kukutana na hepatitisi C?

Swali la iwapo virusi vimo sasa hivi hujibiwa na kipimo kingine kinachotafuta chembe za urithi za virusi vyenyewe, na ambacho huandikwa HCV RNA au PCR. Pasipo kipimo hicho, hakuna mtu anayepaswa kuambiwa kwamba ana hepatitisi C, wala kuanzishiwa dawa.

Nchini Kenya, watu wengi wameizoea lugha ya idadi ya virusi kutokana na vita dhidi ya Ukimwi, ambapo idadi kubwa ni habari mbaya. Katika hepatitisi C mazoea hayo hupotosha. Mtu mwenye virusi milioni tatu katika kipimo chake hana ini lililoharibika zaidi ya mwenye laki nane. La muhimu ni kama vipo au havipo.

Jina linalodanganya

Vipimo vya karatasi ya pili hujulikana kwa herufi LFT, yaani vipimo vya utendakazi wa ini. Jina hilo limewatia watu wengi makosani, kwa sababu nambari zinazotazamwa kwanza, ALT na AST, hazipimi utendakazi wowote.

Hivyo ni vimeng'enya, protini ambazo makao yake ni ndani ya seli. Seli ya ini inapojeruhiwa, huvuja, navyo vimeng'enya humiminika katika damu. ALT hupatikana kwa wingi katika ini. AST hupatikana pia katika misuli na moyo, hivyo mtu aliyesukuma mkokoteni kutwa au aliyekimbia mbio ndefu aweza kuipandisha bila ini lake kuwa na kasoro. Hata damu iliyotikiswa au kucheleweshwa njiani kabla ya kufika maabara, chembe zake zikapasuka, huipandisha AST.

Kwa maneno mengine, ALT ni kama moshi unaotoka paani. Unaonyesha kwamba leo pana kitu kinachoungua. Hausemi ni vyumba vingapi vilivyokwisha kuteketea miaka iliyopita.

Katika hepatitisi C moshi huo hupanda na kushuka wenyewe. Mwezi huu ALT yaweza kuwa 90, miezi mitatu baadaye ikawa 45, pasipo mgonjwa kubadilisha lolote. Takriban theluthi moja ya watu walio na maambukizi ya kudumu huwa na ALT ya kawaida kila wanapopimwa, na baadhi yao hupatikana na makovu makubwa ini linapochunguzwa vyema. Isitoshe, kikomo cha 40 kinachochapishwa na maabara nyingi ni kipana mno machoni pa wataalamu kadhaa, wanaopendekeza kiwe takriban 30 kwa wanaume na 25 au chini ya hapo kwa wanawake.

Hii ndiyo sababu mtu hafai kuishangilia ALT iliyoshuka kutoka 80 hadi 48 na kuyapa sifa maji ya mitishamba aliyokunywa katikati. Huenda ingeshuka vivyo hivyo kwa maji matupu. Baadhi ya mitishamba huliumiza ini kabisa, na hilo ni jambo la kumweleza daktari bila kuficha.

GGT nayo ni mpiga kelele. Hupanda kwa sababu ya pombe, mafuta katika ini, mkwamo katika mirija ya nyongo, na baadhi ya dawa za kifafa. Ikipanda peke yake haitoi hukumu. Inapopanda huku AST ikiwa zaidi ya maradufu ya ALT, daktari huuliza kuhusu pombe, na jibu la kweli ni la thamani kuliko dawa, kwa kuwa pombe juu ya hepatitisi C huharakisha makovu.

Ini bado lafanya kazi?

Utendakazi hasa hujulikana kwa nambari tatu: albumini, biliribini, na muda wa damu kuganda, ambao huandikwa INR.

Albumini ni protini itengenezwayo na ini. Hupimwa kwa gramu katika lita, na kiwango cha kawaida ni kama 35 hadi 50. Ini likichoka, hushuka polepole kwa majuma. Hata hivyo, njaa, utapiamlo na magonjwa ya figo huishusha pia. INR hukaribia 1 kwa mtu mzima wa afya asiyetumia dawa za kuzuia damu kuganda. Ikipanda, huenda ini limeshindwa kutengeneza vigandishi vya damu. Biliribini ni taka ya rangi ya manjano inayotokana na chembe nyekundu zilizozeeka. Ini hulazimika kuitoa kupitia nyongo, na isipotolewa macho hugeuka manjano.

Albumini ya 36 ya mume huyo ingali ndani ya mpaka, ingawa imekaribia ukingo. Biliribini ya 19 ni ya kawaida katika maabara nyingi. Ini lake, kwa hivyo, lingali likitekeleza majukumu yake. Hilo ni jambo la kufariji, lakini ini ni kiungo chenye akiba kubwa mno, na nambari hizi hukaa sawa hadi sehemu kubwa ya akiba hiyo imekwisha.

Hapa pana mtego mwingine unaofaa kutajwa. Maabara hazitumii vipimo sawa. Biliribini ya 19 katika maabara moja huweza kuandikwa 1.1 katika nyingine, na albumini ya 36 ikawa 3.6. Hakuna kilichobadilika isipokuwa kizio. Mke akizilinganisha karatasi za hospitali mbili bila kutazama safu ya vizio, ataamini kwamba mumewe amepona au amezidiwa ghafla. Inafaa kupima katika maabara ile ile kila inapowezekana, na kuhifadhi karatasi zote kwa mpangilio wa tarehe.

Chembe 118

PLT ni chembe ndogo za kugandisha damu. Kiwango cha kawaida huanzia 150 hivi, kwa maelfu katika kila sehemu moja ya milioni ya lita. Kwa kawaida nambari hii haimo katika karatasi ya ini. Hutoka katika kipimo cha jumla cha damu, na mara nyingi hufungiwa katika faili nyingine.

Ini linapojaa makovu, damu itokayo tumboni hukwama mlangoni. Shinikizo hurudi nyuma hadi kwenye bandama, nayo huvimba na kuzishikilia chembe hizo. Ini lenyewe pia hupunguza kutoa homoni inayochochea kuundwa kwazo. PLT inayoshuka mwaka baada ya mwaka ni mojawapo ya dalili za mapema kwamba makovu yamekithiri, hata ALT ikiwa na sura nzuri.

Kutokana na hilo, wataalamu walibuni hesabu iitwayo FIB-4, ambayo WHO huipendekeza kwa nchi zisizo na mashine ghali. Umri huzidishwa kwa AST. Jibu hugawanywa kwa PLT iliyozidishwa kwa kipeuo cha pili cha ALT.

Mume katika mfano huu ana umri wa miaka 52. Mara 62 ni 3,224. Kipeuo cha pili cha 48 ni karibu 6.93, na mara 118 hupatikana 817 na kidogo. Kugawanya kwatoa takriban 3.9.

Chini ya 1.45, makovu makubwa hayatarajiwi. Juu ya 3.25, kuna uwezekano mkubwa kwamba yapo. Katikati ya hapo, hesabu hii hainyoshi kidole upande wowote. Kwa hivyo mume ambaye ALT yake "imepita kidogo tu" ana sababu ya kutosha ya kuchunguzwa kwa mashine ya kupima ugumu wa ini, au walau picha ya mawimbi ya sauti, mapema iwezekanavyo.

Lakini hesabu hii ina masharti. Malaria hushusha PLT, na homa ya dengi, ambayo imewahi kuzuka mara kadhaa Pwani, huishusha vilevile. Mtu aliyepimwa akiwa na homa apimwe upya akipona kabla ya kuhukumiwa. Aidha, kwa walio chini ya miaka 35 au zaidi ya 65, FIB-4 haiaminiki sana.

Mke naye je?

Swali ambalo aghalabu halisemwi kwa sauti ni hili: aliupata wapi, na je, ameniambukiza?

Hepatitisi C huenezwa kwa damu. Kuchangia sindano za dawa za kulevya ndiyo njia kuu katika nchi nyingi, na nchini Kenya maambukizi yameonekana zaidi miongoni mwa wanaojidunga Nairobi na Pwani. Njia nyingine ni sindano na vifaa vya hospitali visivyotakaswa, damu isiyopimwa, na chale za mwili kwa vifaa vya kuchangiwa. Nchini Misri, kampeni ya kutibu kichocho kwa sindano kati ya miaka ya 1950 na 1980 iliwaambukiza watu wengi sana ambao kosa lao lilikuwa kwenda kutafuta matibabu. Mtu anayegunduliwa leo huenda aliambukizwa miaka 30 iliyopita, kabla hata ya kumjua mwenzi wake. Karatasi hii si ushahidi wa uzinzi, na wanaoitumia hivyo katika ugomvi wa nyumbani wanaipa kazi isiyoiweza.

Kuhusu kuambukizana kitandani, utafiti uliochapishwa Marekani mwaka wa 2013 uliwachunguza wanandoa na wapenzi 500 wa muda mrefu ambapo mmoja alikuwa na hepatitisi C na hakuwa na virusi vya Ukimwi. Ulikadiria kwamba hatari haizidi asilimia 0.07 kwa mwaka. Hatari huongezeka palipo na damu, vidonda, au virusi vya Ukimwi. Kula sahani moja, kukumbatiana na kubusiana hakuenezi ugonjwa huu. Wembe, mswaki, mkasi wa kucha na sindano kila mtu awe na vyake.

Mke apimwe kingamwili mara moja. Zikikosekana, na ikiwa hakuna damu wanayochangia, hana haja ya kuishi kwa wasiwasi. Hakuna chanjo ya aina ya C, lakini ipo ya aina ya B, ambayo huenezwa kwa urahisi zaidi kupitia ngono na ambayo imeenea zaidi humu nchini. Wote wawili wapimwe hiyo pia.

Karatasi baada ya dawa

Hadi miaka ya 2000, tiba ilikuwa sindano za interferoni zilizoendelea hata majuma 48, zenye madhara makali, na karibu nusu ya wagonjwa hawakupona. Hali ilibadilika baada ya dawa ya sofosbuvir kuidhinishwa Marekani mnamo Desemba 2013. Siku hizi sofosbuvir humezwa pamoja na daclatasvir au velpatasvir, kwa kawaida kwa majuma 12, na zaidi ya asilimia 95 ya wagonjwa hupona. Misri, iliyokuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi duniani, iliwapima mamilioni ya raia wake kuanzia 2018, na Oktoba 2023 WHO iliitambua kwa hatua ilizopiga kuelekea kuuangamiza ugonjwa huu.

Kabla ya kidonge cha kwanza, pana mambo mawili ambayo mwenzi anaweza kuhakikisha hayasahauliki. La kwanza ni kipimo cha hepatitisi B, kwa kuwa aina ya C ikitoweka ile ya B huweza kufufuka kwa ukali. La pili ni orodha ya dawa zote anazotumia mgonjwa. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu iliyo ya kawaida sana nchini, huipunguza sofosbuvir mwilini kiasi cha kuifanya isifae, na baadhi ya dawa za kifafa hufanya hivyo hivyo.

ALT hushuka mara nyingi katika majuma machache ya mwanzo. Huo si uthibitisho wa kupona. Uthibitisho ni kipimo cha HCV RNA kinachofanywa majuma 12 baada ya kidonge cha mwisho. Virusi visipoonekana siku hiyo, mgonjwa amepona.

Miezi kadhaa baadaye, mume akipimwa kwa ajili ya kazi au bima, karatasi itasema tena kwamba kingamwili za hepatitisi C zipo. Mke asishtuke. Wale ni askari wa zamani ambao hawajarudi makwao. Akitaka kuchangia damu, hata hivyo, atakataliwa, na cheti cha RNA hakitabadilisha hilo. Kingamwili hizo vilevile hazimkingi dhidi ya maambukizi mapya. Akichangia sindano tena, ataweza kuambukizwa upya.

Tuseme karatasi yake mpya yasoma: virusi havionekani, ALT 24, AST 31, PLT 126. Moshi umekatika. Ila PLT yake ya 126 yaonyesha kwamba makovu bado yapo, ingawa huweza kupungua kadiri miaka inavyopita. Ikiwa madaktari wamethibitisha sirosisi, atahitaji picha ya ini ya mawimbi ya sauti kila miezi sita, kwa sababu hatari ya saratani hupungua lakini haiondoki. Katika nchi ambayo mwaka wa 2004 ilipoteza watu 125 kwa mahindi yenye sumukuvu katika maeneo ya Makueni, Kitui na jirani zake, mtu wa namna hii ana sababu ya ziada ya kutupa nafaka iliyoota ukungu, kwani sumu hiyo huchangia saratani ya ini.

Kuna dalili ambazo hazingoji karatasi ya maabara, na mwenzi ndiye huziona kwanza: kutapika damu, choo cheusi kama lami, macho kugeuka manjano, tumbo kujaa maji likiandamana na homa au maumivu, na mgonjwa kulala mchana, kukesha usiku na kuchanganya maneno. Yoyote kati ya hizo ni safari ya hospitali usiku huo huo, na karatasi zote za awali zibebwe.